Je, muuguzi asiyeguswa moyo na kila mgonjwa hajali?

SWALI: Shikamoo, mkufunzi. Mimi ni muuguzi mwenye miezi minane kazini, katika wadi ya watu wazima. Chuoni tulifundishwa kwamba kujali ndiyo msingi wa nadharia na vitendo vya uuguzi, na katika somo hilo nilipata alama nzuri. Lakini kusema kweli, wapo wagonjwa ambao siwaonei uchungu wowote. Nawageuza, nawapa dawa, nawaandikia, basi. Msimamizi wangu ameniambia kuwa mimi ni mkavu, na amenishauri nihudhurie mafunzo ya siku mbili ya kujenga huruma, ambayo mtu hujilipia mwenyewe na kupewa cheti. Je, nina kasoro inayonifanya nisifae kwa kazi hii, na mafunzo hayo yatanisaidia?

JIBU: Marahaba. Katika barua yako lipo neno moja dogo lililonisikitisha kuliko mengine yote, nalo ni hilo "basi" uliloliweka baada ya kutaja kugeuza, kutoa dawa na kuandika, kana kwamba kujali ni kitu kinachotakiwa kuanzia pale kazi inapoishia. Nimekaa wadini miaka mingi na darasani miaka mingi zaidi, na hakuna wazo ninalokutana nalo mara kwa mara, wala linaloniudhi, kama hili la kwamba muuguzi ana kazi mbili: moja ya mikono, ambayo yeyote aliyefunzwa anaweza kuifanya, na nyingine ya moyo, ambayo eti hiyo ndiyo kujali. Wanafunzi hutoka nalo chuoni, wasimamizi hulitumia kuwapimia watu, na siku hizi wapo wanaoliuza.

Kiswahili chenyewe kingetuokoa na kosa hili tungekisikiliza. Kujali ni kutia maanani na kutopuuza. Mtu asiyejali onyo si yule asiyesisimkwa nalo, bali ni yule aliyelisikia akapita. Kuuguza nako ni neno lililozaliwa na kuugua, na mtu anaposema kwamba anamuuguza mama yake hatusimulii anavyojisikia, bali anatuambia yuko wapi na mikono yake inafanya nini usiku kucha. Sitaki mtu asome hapa kwamba naidharau huruma. Ninachosema ni kwamba huruma humjia mtu na kumwondoka, na humjia kwa wepesi zaidi mbele ya mgonjwa aliye mpole, anayeshukuru, anayemkumbusha mtu wa nyumbani kwake. Yule anayetukana, au aliyechafua shuka kwa mara ya nne katika zamu moja, ana haki ya uuguzi uleule, na haki hiyo haiwezi kungoja mpaka mimi niguswe.

Rudi kwenye daftari lako la chuo uone waliolijenga somo hili walisema nini hasa. Jean Watson, alipoeleza mwaka 1979 mambo 10 yanayounda kujali, aliweka miongoni mwake kutumia njia ya kisayansi katika kutatua matatizo na kufanya maamuzi, na pia kumsaidia mtu kukidhi mahitaji yake, hata yale ya mwili ambayo wengi huyaona ya chini. Aliweka vilevile kupokea hisia nzuri na hisia mbaya, jambo ambalo lingekuwa la ajabu kama angedhani kwamba muuguzi anayejali ni yule mwenye hisia nzuri peke yake. Kristen Swanson, mwaka 1991, akitumia tafiti zilizohusu wanawake waliopoteza mimba, watu waliowahudumia watoto wachanga mahututi, na akina mama wenye umri mdogo na maisha magumu, aliona kwamba kujali kuna sura tano: kumjua mtu, kuwa pamoja naye, kumtendea, kumwezesha, na kudumisha imani kwamba ataweza kupita katika hali yake. Hesabu mwenyewe ni ngapi kati ya hizo zinazowezekana bila ujuzi. Simone Roach, mtawa na muuguzi wa Kanada, aliitaja huruma, lakini kando yake akaweka umahiri, na akaonya kwamba huruma isiyo na umahiri yaweza kuwa ni kuingilia tu maisha ya mtu, pengine hata kwa kumdhuru.

Onyo hilo nililijua kwa vitendo kabla sijalisoma. Mwaka wangu wa pili kazini nilikaa kitandani pa mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo siku tatu kabla, nikamshika mkono, nikamsikiliza akizungumzia watoto wake, na nilitoka pale nikiamini kwamba nimeuguza vizuri kuliko siku nyingine yoyote. Kwenye chati, sehemu ya upumuaji, niliandika 20, kwa sababu zamu iliyotangulia iliandika 20 na iliyotangulia hiyo nayo iliandika 20. Sikuhesabu. Muuguzi wa usiku, mtu wa maneno machache ambaye wagonjwa hawakumkumbuka kwa jina, alisimama miguuni pa kitanda kwa dakika nzima akitazama kifua, akapata 28, akamwita daktari. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Mama yule alipona, baada ya siku nyingi katika chumba cha wagonjwa mahututi, na hadi leo nikiulizwa ni nani kati yetu wawili aliyemjali siku ile sina la kujitetea. Ndiyo maana nasisitiza idadi ya pumzi kwa wanafunzi hadi wanachoka nami: ni dalili inayobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuzorota, haihitaji kifaa zaidi ya saa, na ndiyo inayoandikwa kwa kukisia kuliko nyingine yoyote. Katika mfumo wa alama za tahadhari ya mapema unaotumika Uingereza, pumzi 25 au zaidi kwa dakika peke yake humpa mgonjwa alama 3, ambayo ni ya juu kabisa kwa kipimo kimoja.

Sasa tuchukue hilo neno lako "nawageuza". Wauguzi wawili wanaweza kumgeuza mgonjwa mmoja saa ileile na kuandika maneno yaleyale, lakini mmoja akawa amemsogeza tu kama mzigo na mwingine akawa amemuuguza. Huyu wa pili alimwambia mgonjwa kabla ya kumgusa. Alipofunua shuka alitazama mfupa wa chini ya mgongo, nyonga na visigino, na alipoona wekundu aliubonyeza kwa kidole ili aone kama unafifia, maana usiofifia ni kidonda cha kulalia kilichokwisha kuanza hata kama ngozi haijapasuka. Iwapo ngozi ya mgonjwa ni nyeusi hakusubiri wekundu, ambao huenda usionekane kabisa, bali alitumia mgongo wa mkono wake kutafuta joto, ugumu na mahali panapouma. Aliona kwamba sahani ya chakula imerudi kama ilivyokwenda. Alisikia pumzi inayokatika mgonjwa anapolala upande wa kushoto, akamrudisha upande ambao anapumua vyema na kuinua kichwa cha kitanda. Yote hayo ni dakika chache, na pengine hakuona uchungu wowote moyoni, kwa sababu macho na mikono yake vilikuwa kazini. Hapo ndipo kujali kulipo, na hakuna mahali pengine pa kukutafuta.

Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama una kasoro, jiulize unapogeuza unatazama nini. Ikiwa unatazama, hofu yako haina msingi. Ikiwa hutazami, upungufu upo, na ni wa aina inayorekebishika. Patricia Benner, aliyeeleza mwaka 1984 jinsi muuguzi anavyopanda ngazi tano kutoka mwanagenzi hadi bingwa, alionyesha kwamba ngazi ya tatu, ile ya umahiri wa kawaida, hufikiwa na muuguzi aliyekaa miaka miwili au mitatu katika kazi ya namna moja. Kabla ya hapo akili ya muuguzi imemezwa na orodha ya yanayopaswa kufanyika, na nafasi ya kumwona mtu mzima aliyelala kitandani ni ndogo. Miezi minane ni michache sana. Ukavu ambao msimamizi wako anauona huenda ni uso wa mtu anayehesabu matone ya dripu huku akikumbuka dawa ya saa nne, na sioni kwa nini uso huo uitwe ukosefu wa huruma.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo msimamizi huyo anaweza kuwa na haki nalo, na ulipokee bila kinyongo. Ukimya wa muuguzi humtisha mgonjwa. Mtu aliyelala hajui kwa nini umekunja uso ukitazama kidonda chake, naye atajaza mwenyewe sababu iliyo mbaya kuliko zote. Mwite kwa jina, mweleze unachotaka kufanya na kitakavyouma, na unapomuuliza jambo, kaa chini kama pana pa kukaa. Hizo nazo ni stadi, hujifunzwa kama unavyojifunza kutafuta mshipa, na hazikudai ujifanye una hisia usizokuwa nazo.

Kuhusu mafunzo ya siku mbili, weka fedha zako. Nimeona vitini vya mafunzo ya namna hiyo na nimekaa ukumbini kuyasikiliza, nami nitasema nilichokiona: watu hufundishwa sentensi za kukariri, hufundishwa namna ya kutabasamu na kuinamisha kichwa, wanapewa hadithi ya kuwaliza, kisha cheti. Hakuna mgonjwa hata mmoja chumbani. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza mwaka 1983, kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege, gharama ambayo mfanyakazi huilipa anapoamriwa kuonyesha usoni hisia ambazo hana, na sielewi kwa nini tunataka kuwabebesha wauguzi gharama hiyohiyo kisha tuiite maadili. Hata Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, ambaye picha yake hubandikwa kwenye matangazo ya mafunzo haya, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 alitenga sura nzima ya kukemea maneno matupu ya matumaini wanayomwagiwa wagonjwa, na sura nyingine ya kumchunguza mgonjwa kwa makini. Wanaomtumia kama pambo hawajamsoma. Kujali hufundishwa kando ya kitanda, na muuguzi mzoefu anayekutazama ukifanya kazi, anayekuuliza umeona nini na anayekurudisha ukaone tena, zamu baada ya zamu. Mwombe msimamizi wako hilo, kwa heshima, maana ndilo deni lake kwako.

Lakini wewe ni mmoja tu kati ya wengi wanaoniandikia, na sitaki nimalize kana kwamba jambo lote liko mikononi mwa muuguzi mmoja mgeni. Kujali kunapogeuzwa kuwa hisia, kila huduma iliyokosekana huwa ni dhambi ya mtu binafsi, na hapo idadi ya wauguzi haiulizwi tena. Beatrice Kalisch, mwaka 2006, aliwauliza wauguzi ni huduma zipi zinazorukwa mara kwa mara, na katika majibu yao mlikuwamo kuwatembeza wagonjwa, kuwageuza, kuwalisha kwa wakati, kuwafundisha, usafi wa mwili, na kuwaliwaza. Kugeuza na kuliwaza viko katika orodha moja, na kati ya sababu walizozitaja wauguzi hao ni uchache wao na ukosefu wa muda. Utafiti ulioongozwa na Linda Aiken katika nchi 9 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Uongozi unaosoma takwimu hizo kisha ukawaandikia wauguzi wake mafunzo ya huruma unawaongezea aibu juu ya uchovu, na mtu mwenye aibu hujifunza haraka kuandika kile ambacho wakaguzi wanataka kukisoma.

Niliwahi kuingia wadi moja saa 8 usiku nikakuta fomu ya kugeuza wagonjwa imeshajazwa hadi saa 12 asubuhi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Aliyeijaza alikuwa amehudhuria mafunzo kama hayo mwezi uliotangulia, na cheti chake kilikuwa kimebandikwa ukutani juu ya meza. Peke yake alikuwa na wagonjwa ambao wauguzi watatu wangewahangaikia. Mzee wa kitanda cha mwisho alikuwa amelalia ubavu uleule tangu jioni, na nilipoweka mkono kwenye nyonga yake, ngozi ilikuwa ya moto na ngumu.