Una milioni tatu na unataka kufungua studio ya uchoraji Manzese? Soma kwanza yaliyonikuta Kigogo

Mleta uzi, nimelisoma swali lako mara mbili. Una milioni tatu, una wenzako wawili wachoraji, mmeona fremu Manzese Midizini, na mnauliza kama mfungue sehemu ya kuchorea, kuonyesha kazi na kufundisha watoto wa mtaani. Waliotangulia kujibu wamekuambia wahuni watawamaliza, wengine wamesema uswahilini hakuna mnunuzi wa picha. Mimi nilikuwa na chumba cha namna hiyo Kigogo, upande unaoshukia bonde la Msimbazi, kuanzia Novemba 2016 mpaka Mei 2023. Wahuni hawakukifunga. Kukosa wateja hakukukifunga pia. Kilichokiua ni pango, na jambo hili linaniuma hadi leo, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Nilianza na chumba kimoja chenye ukumbi mdogo kwa mbele, elfu themanini kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita, dalali akachukua ya mwezi mmoja. Kabla sijanunua hata kopo la rangi, 560,000 ilikuwa imeshaondoka. Miezi sita huonekana mbali siku ile unayolipa, lakini picha haziingizi hela kwa mpangilio huo. Desemba unaweza kuuza tatu kwa wiki, wageni na ndugu wa nje wakiwa mjini, halafu masika yote, Machi mpaka Mei, usione mtu. Kodi yangu iliangukia Novemba na Mei. Kila Mei ilinikuta mkavu kabisa. Nilikopa kwa shemeji, nikaweka simu rehani, mwaka mmoja nikauza baiskeli. Ningejua, ningemlipa mzee yule mwenye nyumba miezi tisa mara ya kwanza ili mzunguko uhamie Agosti na Februari. Ni hesabu ndogo, ila ingeniokoa mara nyingi.

Tena mkiandikishana, kiandikwe kiasi halisi. Mkishakuwa na biashara iliyosajiliwa, sheria inamtaka mpangaji akate 10% ya kodi ya pango aipeleke TRA, na mkataba wenyewe unalipiwa ushuru wa stempu. Mwenye nyumba wangu hakutaka hata kulisikia hilo, alitaka themanini yake kamili mkononi, basi ile asilimia kumi nikaibeba mimi. Lizungumzeni kabla ya kusaini.

Sasa kuhusu kipato. Kodi ya miaka sita na nusu haikulipwa na picha, ililipwa na herufi. Saluni, bucha, mama ntilie, gereji, madrasa, wote hao wanahitaji maandishi ukutani. Nilikuwa nikichaji elfu thelathini na tano kwa fremu moja, na mwezi mzuri tulipata nne au tano. Kazi yenyewe ina raha yake. Ukuta ukishakauka rangi ya msingi, mnapaka uzi unga wa bluu, mmoja anashika kona hii na mwingine kona ile, wa tatu anauvuta katikati na kuuachia, pa! mstari umenyooka ukutani kama umepigwa na mashine. Vijana wangu wawili walijifunza mkono kwa kuandika NYAMA SAFI na CHIPSI KUKU kabla hawajajua kuchora uso wa mtu, na leo mmoja wao anaishi kwa kazi hiyo. Mabango ya kuchapishwa Kariakoo yamekula sehemu ya soko hili, sikatai. Lakini bango hupauka jua la miaka miwili na kuchanika, rangi ya mafuta ikibaki. Mwambieni mteja hivyo.

Picha za kuuza zipelekeni waliko wanunuzi. Mtu wa Masaki hatakuja Midizini kukata tiketi ya maonyesho, na msimlaumu. Nendeni Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, wapo tangu 2008, mjue wanafanyaje na mfahamiane na wachoraji wengine. Studio ya mtaani iwe ya kazi na watoto.

Hapo kwenye watoto ndipo moyo wangu ulipo. Jumamosi walikuja ishirini, mara nyingine thelathini. Walichorea nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani ambazo mwalimu mmoja jirani alinitunzia. Ada ilikuwa mia tano, na asiyekuwa nayo alikaa tu. Mama mmoja mkaanga maandazi alikuwa na wawili, akawa analeta sahani badala ya hela, tunagawana wote saa nne.

Aprili 2018 Msimbazi ulifurika. Maji yalinifika kiunoni mle ndani. Nilikuwa nimeegemeza picha kumi na nne ukutani, nyingi za hadibodi. Rangi ya mafuta haikutoka hata tone, sura zote zilikuwa pale zikinitazama, lakini ubao kwa nyuma ulikuwa umevimba na kuachana tabaka kwa tabaka, ukiushika unabaki na vipande mkononi. Zilizopona ni zile za kitambaa cha marekani, nilizifua kama shuka nikazianika. Asubuhi ile sikumwita mtu. Akina mama wa Jumamosi walikuja wenyewe na ndoo na mafagio, yule wa maandazi akiwa mbele, nao kwao kumejaa tope. Mpaka adhuhuri sakafu yangu ilikuwa safi.

Septemba 2022, hofu ya panya road, vile vikundi vya vijana waporaji, ilipotanda mjini na misako ikaanza, kijana mdogo aliyekutwa kijiweni jioni alikuwa mashakani. Wangu watatu walichukuliwa wakirudi kupaka rangi, ngazi begani. Mjumbe na yule mama wa maandazi walikwenda kuwaombea, wakaeleza wanashinda wapi na wanafanya nini, usiku huohuo wakarudi. Wanaosema wahuni watawaibia hawaelewi kwamba mlango ulio wazi mchana kutwa, watoto wakiingia na kutoka, unalindwa na mtaa. Miaka yote ile niliibiwa feni moja.

Pamoja na mapenzi yote hayo, mtaa haukuwa na hatimiliki ya ile nyumba. Mzee alifariki, watoto wake wakagawana, na aliyepata vyumba vya mbele akaletewa mtu wa dubwi, zile mashine za kamari, anayetoa laki mbili kwa mwezi. Mimi nilikuwa nimefika laki na ishirini. Nilipewa wiki tatu. Akina mama walikwenda kumsihi, akawasikiliza kwa adabu, akasema ana ada za shule. Na kweli anazo.

Msidhani haya ni ya wadogo tu. Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, ilianzishwa 1972, akapita pale hata msanii maarufu George Lilanga, jengo lake la katikati ya mji likafunguliwa na Mwalimu Nyerere 1983. Leo jengo lile halipo. Lakini wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, wapo. Mwanzilishi wao alifariki 1972, wanafunzi wake wakaendelea, na 1990 wakajiandikisha kuwa chama cha ushirika. Mwanachama akifa au akiondoka, chama chenyewe kinabaki palepale. Mimi mkataba ulikuwa kwa jina langu na urafiki wangu na mzee mmoja, alipoondoka yeye sikuwa na pa kushika.

Kwa hiyo ningekuwa ninyi, nisingegusa hiyo fremu ya Midizini bado. Jisajilini kwanza kama kikundi, halmashauri na BASATA, yaani Baraza la Sanaa. Mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ule wenye fungu la vijana, hauna riba, ulisimamishwa 2023 na umesharudi, na wanaupata waliosajiliwa. Milioni tatu msizitie kwenye vioo na taa. Ulizieni uwanja wa nyuma wa nyumba ya mtu anayeishi humohumo, si fremu ya barabarani, maana fremu ya barabarani siku zote kuna mwenye hela zaidi yako anayeitaka. Ombeni mkataba wa miaka mitatu kwa jina la kikundi, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi, na kiasi cha kupanda kodi kiandikwe humo.

Mkipata, niandikieni ujumbe hapahapa. Nina easeli nne, meza ndefu ya mninga, uzi wangu wa kupigia mistari na boksi la karatasi za mitihani ambazo upande mmoja bado ni mweupe. Viko kwa shemeji Tabata, juu juu sana, maji hayafiki. Njooni na guta.