Sakafu ya karavani inabonyea: je, tupigilie plaiwudi mpya juu yake?

SWALI: Habari fundi. Tuna karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, ya zamani iliyotoka Uingereza. Tumeiegesha kwenye kiwanja chetu karibu na Jinja, tunalaza wageni. Tangu mvua za Aprili sakafu inabonyea karibu na mlango, na mbele ya sinki inalialia mtu akikanyaga. Seremala wetu anashauri tupigilie plaiwudi ya milimita 9 juu ya ile ya zamani, tutandike kapeti la plastiki, basi. Ni sawa?

JIBU: Hapana dada, msikubali. Plaiwudi mpya ikiwekwa juu ya mbao yenye maji inafungia unyevu ndani, na kuvu inayoozesha mbao huanza kazi unyevu ukifika kama asilimia 20. Skrubu nazo zitauma mbao iliyooza, yaani haziumi kitu. Na bodi moja ya futi 8 kwa 4 ya unene huo ina uzito wa kilo 15 hivi, unaoubebesha sakafu iliyokwisha kulegea.

Sakafu ya karavani kwa kawaida si ubao mmoja. Juu kuna plaiwudi nyembamba, mara nyingi milimita 5 au 6. Katikati povu gumu la polistireni pamoja na mbao chache za kushikilia. Chini plaiwudi nyingine. Vyote vimegandishwa kwa gundi, na nguvu yote iko kwenye huko kushikana. Kwa hiyo inaweza kuharibika kwa njia mbili, na nahisi nyinyi mnazo zote mbili.

Inueni kapeti, mdunge sakafu kwa bisibisi nyembamba kila baada ya sentimita 10. Ikiwa mbao ni ngumu na kavu lakini inacheza na kulia, tabaka zimeachana na povu. Hilo hutokea sana mbele ya sinki, mahali panaposimamwa siku nzima. Ikiwa bisibisi inazama, mbao imekuwa nyeusi na inanuka uvundo, hapo imeoza.

Kabla ya kukata chochote, tafuteni maji yanakoingilia. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira akianzia chini: kwanza kwenye madigadi, kisha mlango, madirisha, mwisho maungio ya paa. Kila sehemu dakika 10. Mkianzia juu, maji yatateremka na hamtajua yameingilia wapi. Chungulieni pia chini ya sinki, klipu za mabomba hulegea, na chini ya karavani, kwa sababu kokoto za barabara za murram huchubua rangi ya kinga nyuma ya magurudumu. Maungio yanayovuja yafunguliwe, yasafishwe, yazibwe kwa mastiki ya butili. Silikoni msiipake hapo. Ikishakauka hakuna kitu kingine kinachoshika juu yake, na kuiondoa ni adhabu.

Tuanze na sehemu inayolia. Toboeni matundu ya milimita 8 yaliyoachana sentimita 12 hivi. Zungusheni selotepu kwenye biti ya drili kuonyesha kina, ili ivuke plaiwudi ya juu tu, isifike ya chini. Sukumieni epoksi, gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa ndipo igande, kwa bomba la sindano mpaka ichungulie kwenye tundu la jirani. Eneo la mita moja ya mraba lenye uwazi wa milimita moja linakula lita moja. Changanyeni kidogo kidogo, kwa joto letu epoksi iliyojaa kopo huchemka yenyewe na kuganda mkononi. Tandikeni nailoni, juu yake ubao ulionyooka, kisha mifuko minne ya saruji ya kilo 50 kwa saa 24. Chini ya karavani wekeni ubao na jeki mkabala na hapo, la sivyo uzito huo utaipinda sakafu na epoksi itaigandisha ikiwa imepinda.

Nasisitiza epoksi. Karakana nyingi za Kampala zitawapa rezini ya poliesta, ile ya kutengenezea bampa za fibaglasi. Ina kimiminika kinachoyeyusha polistireni. Mtaimimina ndani na povu litanywea, mbaki na shimo. Petroli, thina na gundi ya viatu zina balaa lilelile.

Sehemu iliyooza ikatwe. Zimeni umeme, fungeni gesi, chungulieni chini mjue mabomba na nyaya zinapita wapi. Wekeni msumeno kwenye kina cha plaiwudi ya juu pamoja na milimita moja, mkate hadi sentimita 10 ndani ya mbao nzima. Kisha subirini ikauke. Wiki mbili au tatu za feni na madirisha wazi si nyingi, ndiyo maana kazi hii inafaa Januari au Julai, mvua kubwa zikiwa zimepungua. Kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 15 au chini, endeleeni. Kama hamna kipimo, bandikeni kipande cha nailoni angavu kwenye mbao kwa siku nzima. Kikitoa jasho upande wa chini, bado.

Plaiwudi ya kuzibia iwe na unene uleule wa zamani, na iwe maraini kweli, yaani ya gundi inayohimili maji. Mkiinunua Ndeeba kule Kampala au kwingineko, ombeni kipande kidogo mkichemshe saa moja. Tabaka zikifunguka, gundi yake si ya kuhimili maji. Pakeni epoksi mara mbili pande zote, hasa kingo, maana plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake. Ukingo usipoangukia kwenye mbao ya ndani, ongezeni ubao wenye unene wa povu, nusu chini ya plaiwudi ya zamani, nusu chini ya mpya. Gandisheni kwa gundi ya poliyurethani, halafu skrubu za chuma kisichoshika kutu kila sentimita 15 kuzipata hizo mbao.

Uozo ukiwa umeingia chini ya ukuta penye mlango, simameni hapo. Ukuta umekalia ukingo wa sakafu, na kuukata bila kuushikilia kunaufanya uteremke na mlango usifunge. Hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kuubeba.

Kapeti msiligandishe mwaka huu. Litandikeni tu, mliinue baada ya kila mvua kubwa ya Septemba hadi Novemba, mguse mbao kwa kiganja karibu na mlango na chini ya sinki.