Ukitaka kutafiti usonji, kaa kwanza na mama wa mtoto

Mwanafunzi mmoja wa uzamili kutoka Kakamega aliniandikia juzi: "Habari yako Daktari. Nataka kutafiti usonji (autism) kwa watoto lakini naambiwa huko hakuna kazi wala pesa. Nifanyeje?" Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi wenye swali hilo. Tena makala yangu imekubaliwa mwezi huu na jarida la nje, kwa hiyo mnivumilie nikijisifu kidogo.

Nilipotetea pendekezo langu la utafiti, mjumbe mmoja wa jopo alisema usonji ni ugonjwa wa watoto wa matajiri. Kwa nini nisichague malaria kama wenzangu wa kando ya ziwa? Ukumbi mzima ulicheka, na mpaka leo kicheko kile bado kinanichoma. Nilimjibu kwa historia. Daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji kule Baltimore, Marekani, mwaka 1943, watoto aliowachunguza walikuwa 11, na wengi wao wazazi wao walikuwa wasomi. Wangekuwa nani wengine? Mwaka ule ni nani angeweza kumfikisha mtoto kwa bingwa wa Baltimore? Kaa kwenye kliniki ya kulipia pale Milimani, mtaa wa matajiri wa Kisumu, uhesabu wagonjwa, utasema kule mtaa wa mabanda wa Nyalenda hakuna anayeumwa. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria mtoto 1 kati ya 100, na halikusema wa baba mwenye gari. Mjumbe yule sasa ananipigia simu akitaka jina lake liingie kwenye makala ijayo. Sijampa jibu, na sina haraka.

Miaka ya vibali na kuingiza data naruka, maana hata mimi sitaki kuikumbuka. Jua tu kwamba barua ya kamati ya maadili hutangulia, ndipo uende NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti.

Lililo muhimu ni hili: usikimbilie kuhesabu watoto kabla hujaijaribu zana yako, yaani maswali ya kutafuta dalili, kwa wazazi. Wengi huanza na M-CHAT-R, maswali 20 kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30, nayo haiuzwi kwa watafiti ilimradi ufuate masharti ya wenyewe. Swali moja huuliza kama mtoto hujifanya anakunywa kwenye kikombe kitupu au kulisha mwanasesere. Mama mmoja wa Nyalenda alinitazama akauliza, "Mwanasesere gani, daktari? Huyu anapika ugali wa matope kwenye kifuniko cha kopo, halafu anamlazimisha mdogo wake ale." Hiyo ni kalongolongo, mchezo wa kujifanya, safi kabisa! Ningeandika "hapana" na kusonga mbele, mtoto asiye na tatizo angewekewa alama ya dalili. Kwa hiyo kaa na wazazi. Kaa nao tena ukishabadilisha mifano, kisha urudi kwa wengine uone kama wanaelewa vilevile.

Zana kubwa kama ADOS-2, ambayo mtaalamu huitumia kumchunguza mtoto mwenyewe, huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, na mafunzo yake ni gharama nyingine. Usiinunue. Jiunge na timu iliyo nayo. Wenzetu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi wameshughulikia usonji kwa miaka mingi.

Na hapa niwaseme watafiti wenzangu, mnisamehe. Tunaingia kwa mama ambaye mama mkwe ameshamwambia ni chira, yaani laana, kwamba alivunja mwiko fulani. Tunachukua majibu yake, tunampa soda, tunaondoka. Akiuliza, "Sasa nifanyeje na mtoto?" tunasema utafiti bado unaendelea. Hiyo ni aibu! Kabla hujauliza swali la kwanza, uwe umeshazungumza na kituo cha EARC cha kaunti, ambacho hupima watoto na kuwaelekeza shuleni. Vituo hivyo vipo tangu 1984, ila wasomi hawavitembelei. Nenda mwenyewe uone siku zipi wanapokea watoto, ili mama asichome nauli ya matatu bure.

Kuhusu pesa, mimi nimeishi kwa kufundisha madarasa ya jioni, na mwanzoni nawe utaishi hivyo. Ukiomba ufadhili, peleka matokeo ya majaribio, hata ya watoto wachache, na ueleze ulichobadilisha kwenye zana baada ya kuwasikiliza wazazi. Ombi langu lililopita lilikuwa na ukurasa huo.