Gari likinuka oili, anza na mfuniko

IST yangu ilianza kunuka oili inayoungua kila nikikwama kwenye foleni ya Ubungo. Ikitembea, hakuna kitu. Simama dakika tano tu, harufu imeshajaa ndani. Fundi akafungua boneti, akaona taperti kava, lile kava la juu ya injini, imelowa, akasema gasketi yake ya kuzuia oili isivuje imekufa, niandae hela. Nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Kuishiwa nako kuna faida zake.

Jumamosi asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nikaifuta kava yote ikakauka, nikaenda na gari Kimara na kurudi. Kumbe oili ilikuwa inaanzia juu, kwenye mfuniko wa kujazia oili, inatiririka pembeni mpaka inakutana na joto la eksozi. Nikaufungua. Raba yake ilikuwa imebapa na kukakamaa kama plastiki. Nilipoibinya kwa kucha ikakatika.

Kuukagua ni kazi ya dakika mbili. Zima gari, acha lipoe, maana oili ya moto inaunguza. Futa kwanza kuzunguka mfuniko. Kwa vumbi letu hili, ukifungua hivihivi mchanga unadondokea kwenye injini. Angalia raba, halafu vile vimeno vinavyoshika, kisha geuza uone chini yake. Ukikuta utando kama maziwa ya chai, usipige kelele bado. Gari la kwenda dukani na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha unyevu, nao huganda hapo. Ila kama hata oili ya kwenye stiki ya kupimia ni ya maziwa, na maji ya rejeta yanapungua, usiliwashe tena: hapo anayeshukiwa ni gasketi ya silinda hedi, na hiyo ni hela nyingine kabisa.

Kununua, nilienda Kariakoo, mitaa ya Gerezani, na mfuniko wa zamani mfukoni. Muuzaji wa kwanza akanipa mwingine, eti "zote zinaingia". Kuingia uliingia, ila ulikuwa unacheza. Linganisha vimeno na unene wa raba palepale dukani, na usidanganywe na maandishi ya 5W-30 juu yake. Hiyo ni aina ya oili, si saizi ya mfuniko. Uliza pia kama raba inauzwa peke yake.

Kuna wanaopaka gundi ya gasketi badala ya kubadilisha. Mimi siafiki. Vipande vikikatika vinaangukia ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Na ukifunga, geuza mpaka ugote, basi. Usikaze kwa koleo.

Nikafuta tena kava, nikaisubiri wiki nzima. Kavu. Ingelowa kwenye ukingo wake wa chini, ningekubali kuwa gasketi nayo imechoka. Nilipomweleza fundi, akacheka: "Hiyo nayo nilikuwa naifikiria, bosi."