Mwanangu, kabla hujaogopa wekundu, kumbuka ulichokula juzi

Mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: tangu uanze juisi ya bitiruti kila asubuhi, mkojo umekuwa wa waridi na choo kimeiva wekundu, makande ya jioni yanakujaza gesi mpaka kifungo cha suruali kinakataa, na wiki za chipsi na ugali wa sembe unamaliza siku tatu bila haja kubwa. Naanza na wekundu, maana huo ndio uliokunyima usingizi.

Bitiruti ina rangi iitwayo betanini. Asidi ya tumboni huivunja sehemu tu. Inayosalia nyingine huingia kwenye damu ikachujwa na figo, nyingine hushuka na choo. Mkojo mwekundu huwatokea wachache, kama mtu 1 kati ya 10, na huonekana zaidi kwa wenye upungufu wa madini chuma. Rangi yenyewe haidhuru. Ila ikikurudia kila ukinywa juisi hiyo, pita kituo cha afya wakupime wingi wa damu, hasa kama hedhi yako ni nzito.

Jipime hivi. Acha bitiruti siku 3 kamili. Mkojo unatakiwa kusafika ndani ya siku moja au mbili. Choo huchelewa, kwa sababu chakula hukaa tumboni saa chache, kikapita utumbo mwembamba kwa saa chache nyingine, halafu kikafika utumbo mpana na kutulia huko siku nzima au mbili maji yakinyonywa. Kwa hiyo choo cha leo asubuhi mara nyingi ni sahani ya juzi. Wengi hukosea hapa: wanalaumu samaki wa jana usiku, kumbe mhusika alishaliwa tangu Jumanne.

Siku 3 zikipita na wekundu upo, usisubiri. Damu ina tabia zake. Ikiwa nyekundu mbichi, ipo juu ya choo au kwenye karatasi, na unasikia maumivu kama ya kuchanwa, mara nyingi ni mpasuko kwenye njia ya haja kubwa. Bawasiri nayo hudondosha damu, tena bila maumivu. Ikichanganyika na ute, na una homa na tumbo linanyonga, huko ni kuhara damu, nenda siku hiyohiyo. Kwenye mkojo, damu inayotokea mwishoni unapomalizia kukojoa ni dalili ya kichocho, na kwetu pwani na visiwani hilo halichekewi; kama umeingia kwenye bwawa au mabonde ya mpunga, mwambie daktari.

Choo cheusi nacho kina sababu mbili. Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi au kijani iliyokolea, na mara nyingi kigumu. Ni chuma kisichofyonzwa, usiviache kwa hofu. Lakini choo cheusi kama lami, kinachonata kwenye sinki hata ukimwaga maji, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu iliyotoka juu, tumboni, ikameng'enywa njiani. Wanaomeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kila siku bila chakula wajihadhari hapo. Kijani cha kisamvu na matembele hakina neno. Choo cheupe kama chokaa ndicho cha kuogopa: rangi ya kahawia hutokana na nyongo, na weupe maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo.

Sasa makande. Maharage yana sukari ndefu ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzikata. Zinapita nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachua, na gesi ndiyo mabaki ya karamu yao. Kutoa upepo mara 10 hadi 20 kwa siku ni kawaida, hata kwa wale wanaojifanya hawatoi. Gesi ya maharage ni nyingi lakini nyingi yake haina harufu; harufu huletwa na salfa, na hapo waulize mayai, kabichi na vitunguu.

Sukari hizo huyeyuka kwenye maji, na tiba yake ni sufuria. Chambua vikombe 2 vya maharage, osha, loweka kwa vikombe 6 vya maji saa 8 hadi 12. Kwa joto la Dar usipitishe hapo. Ukiona povu na harufu ya uchachu, yameanza kuharibika. Mwaga maji ya kulowekea, usiyapikie kamwe, hata kama jirani atasema unamwaga ladha. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10, mwaga tena, kisha weka maji ya moto na upike hadi harage liminyike kati ya ulimi na kaakaa. Nyanya na ukwaju viingie mwishoni, kwani asidi hulifanya ganda ligome kulainika. Magadi hulainisha haraka, lakini huua vitamini B1, na mimi siyatumii kwenye chakula cha kila siku.

Dakika 10 za kuchemka kwa nguvu si mapambo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, na moto mdogo usiofikia kuchemka hauiondoi. Punje chache tu zisizoiva zinatosha kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Anayeondoa sufuria mapema kuokoa mkaa ndiye hupatikana.

Kama umekaa muda mrefu bila kula maharage, anza na nusu kikombe mara tatu kwa wiki. Bakteria nao huzoea.

Kufunga choo: kwenda haja mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, yote ni kawaida, mradi hujikamui na choo hakitoki kama gololi za mbuzi. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Sembe imeondolewa pumba na kiini, chipsi hazina cha maana. Changanya sembe na dona nusu kwa nusu wiki ya kwanza, kisha hamia dona. Ongeza maji papo hapo, maana pumba bila maji huziba badala ya kusukuma. Papai lililoiva na ubuyu husaidia. Ndizi mbichi na mapera yanayoliwa na mbegu zake kwa wingi huongeza tatizo. Maziwa yasiyogandishwa yakikuharisha, kunywa mtindi, sehemu ya sukari yake imeshaliwa na bakteria.

Utumbo huamka baada ya kifungua kinywa. Nenda ndani ya nusu saa, usiahirishe kwa sababu ya daladala. Hicho choo chako cha kukaa weka kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga; ule msuli unaobana njia hulegea, kama ambavyo choo cha kuchuchumaa hufanya bila kigoda.

Jumamosi hii kula makande, mahindi yake usiyatafune sana. Andika saa uliyokula na saa utakapoona maganda ya mahindi chooni. Ikizidi siku tatu nipigie, tuanze na maji unayokunywa.

Mama yako