Asali ya parachichi: mteja anataka uthibitisho

Mkuu, umesema mizinga yako iko Tukuyu katikati ya parachichi na mikaratusi, na mteja anataka uthibitisho kwamba asali ni ya parachichi. Achana na kipimo cha kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuiwasha, hicho hakikwambii nyuki alitua ua gani. Waombe maabara watafute perseitoli, hiyo ni sukari ya parachichi yenyewe, inatoka kwenye nekta inaingia kwenye asali na inabaki humo, asali ya kawaida ya maua mengine huwa haina, so ikionekana ya kutosha huyo mteja hana la kubisha. Wakupimie na chavua kwa darubini, ila usiitegemee peke yake maana kuna mimea inamwaga chavua kibao huku nekta kiduchu. Kile kipimo cha kaboni, cha kugundua asali iliyochanganywa na sukari, kinakamata sukari ya miwa na ya mahindi tu, ua hakikutajii.

Mimi kosa langu lilikuwa kumimina ndoo mbili pamoja, moja ya parachichi, nyeusi tii kama molasesi, nyingine nyepesi ya karatusi, baada ya hapo hakuna mashine ingeniambia ni ya parachichi tupu. Vuna asali miparachichi ikiisha kuchanua, ndoo yake peke yake, andika tarehe na mzinga, na usiipashe moto kabla ya kupeleka sampo.