Mtoto Mlegevu Mwenye Uso Mchangamfu: Kumbuka Shingo

Mtoto akizaliwa mlegevu, wazo la kwanza chumbani ni kwamba amekosa hewa. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, mtazame usoni. Aliyekosa hewa sana huzubaa mwili mzima; aliyeumia shingo anaweza kufumbua macho, kukunja uso, hata kutafuta titi, huku mikono na miguu imelala tu.

Safu ya pingili za mtoto mchanga huvutika sana. Majaribio kwenye maiti za watoto wachanga yalionyesha kuwa inaweza kurefuka hadi sentimita 5 hivi bila kukatika, ilhali mshipa mkuu wa fahamu uliomo ndani yake hauvumilii zaidi ya milimita 6. Kwa hiyo eksirei inaweza kuwa safi kabisa na mtoto amepooza. Isikutulize. Ultrasaundi ya mgongo hufanyika pale pale kitandani, maana pingili bado hazijawa mfupa mtupu. MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha vizuri zaidi.

Anayetanguliza matako huumia akivutwa kichwa kikiwa bado ndani, hasa kikiwa kimepinda nyuma: hapo huharibika sehemu ya chini ya shingo. Kupinda huko kukionekana mapema kwenye ultrasaundi, upasuaji ni salama zaidi. Mkunga asivute, mama asukume mwenyewe. Mtoto ashikwe nyongani, si tumboni, na kiwiliwili kisiinuliwe kupita usawa. Kichwa kitoke kidevu kikiwa kimeinamia kifuani, msaidizi akibonyeza juu ya kinena cha mama. Kwa anayetanguliza kichwa, hatari kubwa ni kukizungusha kwa koleo la kuzalishia. Jeraha huwa juu ya shingo, na pumzi hukatika.

Jeraha likiwa chini kidogo, kiwambo (msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo) bado kinafanya kazi: akivuta hewa tumbo hupanda na kifua hubonyea. Kibofu hujaa, mkojo ukidondoka matone matone. (Mkono mmoja tu ukilegea, yaelekea ni mishipa ya fahamu ya begani, habari nyingine kabisa.)

Ukishuku, pumzi kwanza: sukuma taya mbele bila kukirudisha kichwa nyuma. Kisogo cha mtoto ni kikubwa, hivyo akilazwa chali shingo hujikunja. Tandika kitambaa kilichokunjwa kuanzia mabegani hadi matakoni, kisha weka vitambaa vilivyoviringishwa pande zote mbili za kichwa. Kumgeuza ni kazi ya watu wawili, kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Wodini, kibofu kitolewe mkojo kwa mpira kwa ratiba, na ngozi ikaguliwe kila anapogeuzwa.

Kosa moja hurudiwa sana. Siku au wiki kadhaa baadaye miguu huanza kujikunja ikifinywa, na familia hufurahi. Mguu unaweza kujivuta wenyewe bila taarifa kufika kichwani. Finya kidole cha mguu, halafu angalia uso: je, amekunja uso au amelia?